Unywele wa Mama Mlezi

Ipo nchi moja, na kama unaifahamu nyamaza tu ili wengine wasikie, ambako hali ya hewa haikuachwa ijiendee ovyo. Jua la huko lilisubiri kutangazwa ndipo liwake. Mvua ambayo haikutangazwa ilihesabiwa kuwa haikunyesha, hata kama imekulowesha mpaka soksi. Mtu aliyefika kazini akitiririka maji katika asubuhi iliyotangazwa kuwa kavu, aliulizwa kwa upole amejimwagia maji hayo kwa faida ya nani.

Mtangazaji alikuwa Bi Tunu Makwega. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haya, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mafundi wa redio walimwekea kipaza sauti karibu kigusane na meno. Sokoni hakuweza kumwambia muuza nyanya kwamba mbili zimeoza. Alizipokea, akashukuru, akaenda kuzitupa nyumbani. Alikuwa amesomea elimu ya hewa chuoni na kufaulu vizuri, na siku yake ya kwanza kazini Mkurugenzi alimshauri akifungie cheti chake kabatini kisije kikaharibiwa na hewa. Tangu hapo kazi yake ikawa kupokea hali ya hewa iliyokwisha kugongwa muhuri na kuisoma bila kukohoa.

Hali hiyo ya hewa ilitengenezwa katika Nyumba ya Vipimo, juu ya kilima, nyuma ya kituo cha redio. Nchi za jirani zilikuwa na mitambo ya kisasa inayozunguka huko juu na kuyatazama mawingu mgongoni. Mlezi wa Taifa, ambaye ndiye mkuu wa nchi, aliikataa. Alisema si adabu chombo cha serikali kukaa juu kuliko kiongozi. Vikaendelea kutumika vipimo vya kale vilivyoachwa na gavana mmoja wa kigeni, mzee aliyependa sana vitu vya namna hiyo. Vyote vilikuwa watumishi wa umma. Vilikula kiapo, vilikuwa na vyeo, na vilipewa likizo.

Hatupendi kusengenya, lakini vingi vilikuwa na tabia mbaya. Kipimahewa, lile duara la kioo lenye mshale, kilionyesha TUFANI siku ya kuzaliwa kwa Mlezi. Kikaandikiwa barua ya onyo. Kiliporudia, mshale wake ulipigiliwa msumari mdogo wa dhahabu kwenye maneno HALI SHWARI, ikatangazwa kwamba kimethibitishwa kazini moja kwa moja. Ruba wa kwenye chupa, ambao gavana aliwafuga kwa sababu hupanda juu ya maji tufani inapokaribia, walionekana siku moja wamejazana shingoni mwa chupa. Walishtakiwa kwa kupanda bila idhini, wakahamishiwa wilayani. Kulikuwa pia na kijumba cha mbao chenye milango miwili. Kukiwa na jua, alitoka mwanamke mdogo wa mbao kwa mlango mmoja. Mvua ikikaribia, alitoka mwanamume mwenye mwavuli kwa mlango wa pili. Huyu mwanamume alitoka na mwavuli wake wakati wa ziara ya mabalozi. Alihojiwa, hakujibu kitu, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa kiburi. Akagandishwa ndani kwa gundi. Mwanamke akabaki nje peke yake, akitabasamu, na taarifa ikasema kwamba sasa yuko huru.

Kilibaki kipimo kimoja tu kilichoaminika, nacho ndicho kilichoifikisha nchi hapa tunapotaka kufika.

*

Kilikuwa kipimo cha unyevu, na ni chepesi kukieleza. Unywele mmoja wa binadamu huvutwa wima ndani ya fremu ya shaba, na mwisho wake hufungwa kwenye mshale. Hewa ikiwa na unyevunyevu, unywele hurefuka kidogo na mshale huenda kwenye MVUA. Hewa ikikauka, unywele hujivuta na mshale hurudi kwenye KAVU. Gavana alikuwa ametumia unywele wa mkewe, na nchi ikalifanya jambo hilo kuwa mila: unywele wa kipimo lazima utoke kwenye kichwa cha mke wa mkuu wa nchi.

Ule wa kwanza ulipokatika kwa uzee, Mama Mlezi alijitolea. Unywele wake uliletwa juu ya mto wa mahameli, ukisindikizwa na pikipiki za polisi, kwaya zikiimba. Ulikuwa mrefu, umenyooka, unang'aa, wa rangi ya damu ya mzee. Mkurugenzi wa Vipimo, Bwana Kondo Mabruki, alipiga magoti, akaufunga mahali pake, kisha akawasha kiberiti ili achome ncha isifumuke.

Ncha haikuungua kama nywele zinavyoungua. Iliyeyuka. Ikajiviringa ikawa kishanga cheusi kigumu, na chumba kikajaa harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko.

Wanawake wote waliokuwepo waliijua harufu hiyo. Waliinusa kila wikendi wanapomaliziwa kusukwa. Tunu naye aliijua. Wote kwa pamoja wakaanza kutazama viatu vyao.

"Marashi," alisema Waziri wa Anga, Mheshimiwa Sefu Ngwamba, akivuta pumzi kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka. "Marashi ya asili."

Tangu siku hiyo mshale ulisimama kwenye KAVU. Ulisimama hapo masika, ulisimama hapo vuli. Taifa likaingia katika kipindi kirefu cha ukavu, ukavu ulioozesha mahindi shambani na kuotesha ukungu kwenye sare za askari. Na hakuna aliyeweza kusema kwamba kipimo kimekosea, kwa sababu kusema hivyo kulikuwa kusema jambo lingine, na hilo jambo lingine lilikuwa limekaa juu ya kichwa cha Mama Mlezi mbele ya watu wote.

*

Ukavu ulipodumu kiasi cha kutosha, serikali ikaamua kuusherehekea. Sikukuu ya Ukavu ilipangwa ifanyike kwenye mchanga wa Mto Lukando. Uwanja wa taifa haukufaa kwa sababu ulikuwa bado jiwe la msingi. Mto ulikuwa mpana, mchanga wake mweupe na tambarare, na msimu huo haukuwa na kitu. Watoto wa shule zote za mji wangecheza halaiki katikati ya mto na kujipanga kuwa umbo la kipimo kikubwa cha unyevu, chenye mshale wa watoto unaoelekea neno KAVU, nalo la watoto.

Ncha ya mshale ilikuwa Hidaya, binti wa pekee wa Tunu, mtoto wa darasa la nne.

"Ncha haitikisiki, mama," Hidaya alimwambia kwa fahari, amesimama jikoni na mikono juu. "Mwalimu anasema hata siafu akipanda mguuni, ncha haitikisiki. Wengine wote wananiangalia mimi."

"Vizuri, mwanangu."

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi."

Lakini chumvi ilikuwa imelowa kwenye kopo. Nguo zilizoanikwa juzi zilikuwa bado mbichi. Kumbikumbi walikuwa wakijigonga kwenye taa, na huko kaskazini, juu ya milima, anga lilikuwa jeusi kama sufuria ya msibani. Tunu alikuwa amelisoma hili chuoni. Hata asingelisoma angelijua, kama kila mtu mjini alivyolijua. Watu walikuwa wakitembea na miavuli waliyoikunja ndani ya mikeka, wakisalimiana kwa sauti ya chini.

Simu ikalia. Alikuwa kaka yake, Shaibu, mkulima wa huko milimani. Simu za nchi ile zilisikilizwa na watu wengi kuliko redio, kwa hiyo Shaibu alizungumza kwa kuchagua.

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo, kaka. Nyinyi?"

"Sisi tupo. Ila umande umekuwa mwingi. Umeanguka tangu juzi haujakatika."

"Umande?"

"Umande, mdogo wangu. Na radi zake. Leo asubuhi umechukua daraja."

Tunu alikaa chini.

"Mkuu wa wilaya amekwisha andika," Shaibu aliendelea. "Kasema daraja limehama kwa hiari. Sasa huo umande unashuka, Tunu. Unakuja huko kwenu kwa njia ya mto. Mimi sijasema kitu, nimekusalimu tu. Hidaya hajambo?"

"Hajambo. Kesho yuko kwenye halaiki."

"Wapi?"

"Mtoni."

"Mtoni pembeni," Shaibu aliuliza polepole, "au mtoni ndani?"

"Katikati, kaka. Yeye ndiye ncha."

"Mtoe."

"Kaka..."

"Mdogo wangu, mimi nimeliona daraja likiondoka. Mtoe huyo mtoto."

Alijaribu. Kulipopambazuka aliwaambia walimu kwamba Hidaya ana homa. Bwana afya akafika na kipima joto cha serikali, ambacho nacho kilikuwa kimeelimishwa, kikasema mtoto mzima kabisa. Hidaya mwenyewe alilia kwa hasira, akasema hana homa, hajawahi kuwa na homa, na kwamba mama anamwonea wivu. Akachukuliwa na basi la shule akiwa bado anapangusa kamasi kwa mkono wa sare mpya.

*

Tunu alipanda kilimani mbio. Katika Nyumba ya Vipimo, Waziri Ngwamba na Mkurugenzi Kondo walikuwa wamesimama mbele ya kipimo, wakisubiri kugonga muhuri wa siku. Bwana Kondo alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mwenye tabia ya kuafiki kabla hajasikia.

"Kavu," alisema Waziri.

"Kavu sana," alisema Mkurugenzi.

"Mheshimiwa," alisema Tunu. Hawakumsikia. Akakohoa. "Mheshimiwa Waziri, katika maelekezo ya gavana kuna jambo tumelisahau. Kipimo hiki kinatakiwa mara mojamoja kifungwe kitambaa kilicholowa. Mshale lazima uende mpaka mwisho wa MVUA. Ni kukikumbusha tu unyevu ukoje."

Waziri alicheka. "Kwani kimesahau? Haya, kikumbushe."

Tunu akachovya leso yake kwenye jagi la maji, akaizungushia fremu. Wakangoja. Maji yalipita kwenye shaba, yakateleza juu ya unywele ule kama yanavyoteleza juu ya beseni, yakadondoka kwenye zulia. Mshale ulibaki kwenye KAVU. Haukutikisika hata kwa adabu.

"Mnaona!" Waziri alipiga kofi pajani. "Umelowa chapachapa na bado unasema kavu. Huo ndio uzalendo! Wako watumishi humu wakirushiwa tone moja tu wanabadili msimamo."

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, akijipangusa uso.

"Lakini unywele wa kawaida ungerefuka," alisema Tunu.

Chumba kikapoa. Waziri aligeuka polepole.

"Wa kawaida? Bi Tunu, unywele wa Mama Mlezi ni wa kawaida?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi si wa binadamu?"

"Sikusema hivyo, Mheshimiwa."

"Basi ni wa namna gani? Tuambie. Sisi tunakusikiliza."

Mkurugenzi Kondo alimtazama kwa macho ya mtu anayemwona mwenzake amesimama ukingoni mwa paa. Maji yalikuwa yakidondoka. Neno lilikuwa kwenye ulimi wa Tunu, dogo, la sokoni, neno ambalo kila msusi wa nchi hiyo alilisema tangu asubuhi hadi jioni. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Ni mzuri sana," alisema.

"Andika," Waziri alimwambia Mkurugenzi. "Kavu, na mzuri sana."

"Mheshimiwa, mwanangu yuko kule mtoni."

"Hongera, mama. Wangu wako ng'ambo masomoni. Wanakosa mambo mazuri kama haya."

Na muhuri ukagongwa.

*

Jukwaa la wageni lilijengwa juu kabisa ya ukingo, lenye zulia na feni. Mlezi wa Taifa alikaa katikati, nyuma ya miwani myeusi, na kwa jinsi alivyokuwa ametulia ilisemekana anatafakari. Mama Mlezi alikaa kando yake, nywele zake za rangi ya damu ya mzee zikimshukia mpaka kiunoni, zikimetameta. Chini, kwenye mchanga, watoto walikuwa wameshapanga mistari, nyeupe na kijani, kwa mamia. Vipaza sauti vilining'inia kwenye nguzo kutoka ukingo huu mpaka ule.

Tunu alipelekwa mbele kusoma hali ya hewa ya siku, kwa kuwa ndicho kilele cha sherehe. Kutoka hapo aliuona mto wote.

Hapakuwa na upepo. Huko juu, mto unakopinda, mchanga ulikuwa umebadilika rangi. Ulikuwa mweusi, na weusi huo ulikuwa ukitambaa. Kundi la ndege lilitoka upande huo likapita juu ya jukwaa bila kutoa mlio. Kisha ukaja mfereji mwembamba wa maji, si mpana kuliko kanga iliyokunjwa, ukijipenyeza katikati ya watoto, na juu yake ukielea ubao uliopakwa rangi za halmashauri. Ulikuwa ubao wa daraja. Askari mmoja aliuokota kwa haraka, akauficha mgongoni, akapiga saluti.

Hidaya alikuwa pale mbali, katikati kabisa, mikono juu. Hakutikisika.

Fundi mitambo, bwana mnene aitwaye Pazi, aliketi kando na kidole juu ya swichi. Alikuwa amepewa maneno ya kukata: mvua, maji, mafuriko, gharika, radi. Yakitamkwa tu, akate.

"Mheshimiwa Mlezi wa Taifa," Tunu alianza, na sauti yake ndogo ikatoka kwenye nguzo zote ikiwa kubwa, mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Hali ya hewa ya leo..."

Alitazama kule mto unakopinda.

"Watoto tokeni! Maji ya..."

Kukawa kimya. Pazi alikuwa amekata, na bila amri ya walimu hakuna mtoto aliyetoka mstarini. Alimtikisia Tunu kichwa kwa huruma, akawasha tena.

"Ndugu zangu, mvua ime..."

Akakata. Akawasha.

"Soma kilichoandikwa," Waziri Ngwamba alisema huku ameuma meno, akitabasamu kuelekea kwenye kamera.

Mfereji sasa ulikuwa na upana wa mkeka. Watoto waliokuwa karibu nao walinyanyua miguu mmoja mmoja, wakiogopa kuharibu mstari. Kutoka mbali ilisikika sauti kama ya lori linalopanda mlima. Tunu aliishika nguzo ya kipaza sauti kwa mikono miwili. Alitafuta neno kichwani mwake, neno lolote ambalo Pazi hakupewa. Likaja lile lile.

"Nywele," alisema.

Pazi hakukata.

"Nywele za Mama Mlezi," alisema Tunu, na sauti ikavuka mpaka ng'ambo, ikagonga kilima, ikarudi, "ni za bandia."

Hata feni zilionekana kusimama. Mama Mlezi alipeleka mkono kichwani. Mkurugenzi Kondo alikaa chini mahali pasipo na kiti. Waziri Ngwamba ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Watoto!" alipiga kelele. "Jamani, watoto wanasikia! Ondoeni watoto!"

Askari na walimu wakateremka mbio. Walianza kuwasukuma watoto kuelekea ukingo wa pili, ambako ngazi ya mawe ilipanda mpaka shuleni, huku wakiwaziba masikio wawili wawili. Huku jukwaani Waziri alimgeukia fundi mitambo.

"Kata!"

"Neno gani, Mheshimiwa?"

"Hilo!"

"Lipi, Mheshimiwa? Nikikata neno ambalo sikupewa nitaulizwa."

"Hilo la... hilo la kichwani!"

"Kofia?"

Tunu alikuwa amenyamaza, akihema. Akatazama chini. Ofisa wa askari alikuwa amesimama, akasikiliza, akasikia kimya. "Amemaliza," alisema. "Rudisheni mistari!" Watoto waliokwisha kukanyaga ngazi wakaanza kugeuzwa.

Hapo ndipo Tunu alipoielewa kazi yake.

"Ni rasta!" alipiga kelele. "Rasta za pakiti!"

Ofisa akaruka. Watoto wakageuzwa tena, wakasukumwa juu.

"Zinauzwa dukani, zimening'inizwa karibu na sabuni! Rangi ya damu ya mzee! Ukizichoma zinayeyuka! Tulisikia harufu, sisi sote tulisikia, tukasema ni marashi!"

Kila neno liliwapandisha watoto ngazi kadhaa, na kila alipovuta pumzi walisimama. Kwa hiyo hakuvuta pumzi. Mwanamke aliyeshindwa kurudisha nyanya mbili mbovu alikuwa akimtukana mke wa mkuu wa nchi mbele ya majeshi yote, machozi yakimtoka, na ukweli ulipomwishia alianza kuongeza. Alisema kope za Mama Mlezi ni za kubandika. Wake wa mawaziri wakajifunika macho. Alisema Mheshimiwa Ngwamba anapaka kiwi kwenye kipara, na Mheshimiwa akajishika kipara kabla hajajizuia, kisha akautazama mkono wake. Sauti ya lori ilikuwa imekuwa sauti ya malori. Kule mto unakopinda, miti ilikuwa ikitembea.

Mchanga ulikuwa mtupu sasa, isipokuwa mahali pamoja.

Hidaya alikuwa bado amesimama, mikono juu. Hakuna askari aliyekuwa karibu naye. Mstari wote ulikuwa umeondoka nyuma yake na yeye hakugeuka kuangalia, kwa sababu ncha haitikisiki. Maji yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Hidaya!" Tunu alilia. "Mama anatukana! Usinisikilize mwanangu, ni mabaya sana, yanakuja mabaya zaidi! Ziba masikio! Kimbia!"

Mtoto alishusha mikono. Alimtazama mama yake mara moja, kwa aibu kubwa, akatia vidole masikioni. Kisha akakimbia.

Alikuwa kwenye ngazi ya katikati mto ulipofika. Ulikuja wa rangi ya kahawia, mrefu kuliko mtu, umebeba migomba, mapaa ya bati na upande mzima wa daraja. Ukapita juu ya mistari ya chokaa iliyowapanga watoto, ukapita juu ya nguzo za vipaza sauti, na sauti ya Tunu ikakatika hewani. Mwalimu mmoja alimkamata Hidaya mkono akamvuta juu.

Mlezi wa Taifa aliinua miwani yake.

"Nini kile?"

"Umande, Mtukufu," alisema Waziri, akificha mkono wenye kiwi.

"Mwingi."

"Ni matunda ya uongozi wako, Mtukufu."

Mlezi alirudisha miwani, akaendelea kutafakari.

Mama Mlezi alikuwa amesimama. Aliutazama mto kwa muda mrefu. Alitazama ng'ambo, ambako watoto walikuwa wamejazana juu ya kilima, wote wamejiziba masikio. Halafu akamtazama Tunu, ambaye bado alikuwa ameishika nguzo ya kipaza sauti kana kwamba akiiachia ataanguka.

"Mpeni kiti kwanza," Mama Mlezi alisema. "Miguu inamtetemeka." Akajifunika ushungi kichwani, akaubana vizuri chini ya kidevu. "Halafu mkamateni."

*

Katika karandinga ya polisi, nyuma, Tunu alikaa kwenye benchi la chuma kati ya tairi la akiba na askari mmoja mwenye umri wa makamo. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Kupitia waya wa dirisha alikuwa ameona, kabla gari halijaondoka, kitu kidogo cheupe na kijani ng'ambo ya mto. Alikuwa hana hakika kama ni Hidaya. Alikuwa ameamua kwamba ni yeye.

Redio ya dereva ilikuwa wazi. Mtangazaji mpya, mwanamume mwenye sauti nene, alisoma bila kukohoa: hali ya hewa ilikuwa kavu siku nzima, umande uliopita mtoni ulipita kwa amani, watoto wote wako salama, baada ya serikali kuwaondoa kwa haraka kutokana na matusi. Kuhusu matusi yenyewe, uchunguzi utafanyika, na mwananchi yeyote aliyeyasikia anaombwa afike kituo chochote cha polisi kueleza kwamba hakuyasikia.

Askari alisikiliza mpaka mwisho. Akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Dada."

"Abee."

"Wangu alikuwa upande wa herufi. Kwenye ile V ya KAVU."

Tunu akaitikia kwa kichwa. Askari alikunjua kamba aliyokwisha kuifunga, akaifunga upya.

"Na hii iliyobaki huko juu milimani," alinong'ona. "Imekwisha, au bado?"

Kwa miaka yote aliyokaa mbele ya kipaza sauti, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Tunu alisogeza uso karibu na waya, akalitazama anga la kaskazini, akaiangalia rangi yake na jinsi lilivyokuwa likishuka. Hakuwa na sauti. Akamwonyesha kwa mkono, polepole, ili asikosee: bado, na hii inayokuja ni kubwa kuliko ile.

Askari akanyanyuka, akagonga kwa kiganja bati lililowatenganisha na dereva.

"Zunguka kwa juu! Usipite daraja la mjini!"

"Nani kasema?" dereva aliuliza.

Askari alimtazama Tunu.

"Hali ya hewa," alijibu.

Gari likapunguza mwendo, likasimama kidogo pale njia panda, likageuka.